Uso wa Evaresta Silayo

Evaresta Silayo alipiga taipu kwa karibu miaka thelathini, na katika miaka hiyo yote karatasi alizorudishiwa kwa sababu ya makosa zilikuwa za kuhesabika. Alishuka Arusha mwaka 1968 kutoka Mkuu Rombo, binti wa miaka ishirini na minne mwenye cheti cha ukarani na viatu vya kuazima, akaajiriwa kwenye ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika, wenzake wengi walirudi makwao. Yeye akapata nafasi katika shirika moja la umma, akakaa hapo hadi mwaka 1992, mashirika yalipoanza kupunguza watu. Barua za kupunguzwa zilipofika wakati wa kuchapwa, arobaini na moja kwa jumla, aliyepewa kazi hiyo alikuwa yeye. Yake ilikuwa ya thelathini na tatu. Aliichapa bila kosa, akaitia kwenye bahasha, akaandika jina lake juu, akaendelea na ya thelathini na nne.

Aliyekuwa naye katika safari hiyo yote ni Kandida, mwanamke wa Kibosho aliyeanza kazi wiki moja na yeye. Walikaa meza za jirani tangu usichana wao. Kandida aliolewa, akapata binti mmoja, Irine, kisha akafiwa na mume. Evaresta hakuolewa. Baba yake alikufa mapema, mshahara wake ukasomesha wadogo zake watatu mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alipomaliza shule, wanaume waliokuwa wakimpigia hodi walikwisha kuwa na wake na watoto. Hakulilia jambo hilo. Irine alimwita mama mdogo, akila na kulala kwake kila alipotaka, na hilo lilimtosha.

Baada ya kupunguzwa, wawili hao walikodi chumba cha mbele cha nyumba moja ya Kaloleni, si mbali na uwanja wa mpira, wakaweka meza mbili na mashine mbili za taipu. Hawakukosa kazi. Ilikuwa miaka ya mambo kufunguliwa: mwenye kibanda alitaka kuwa na duka, mwenye duka alitaka kuagiza mali Dubai, mwenye gari bovu alitaka kubeba abiria. Kila mtu alitaka leseni ya kitu fulani, na kila leseni ilianza na barua. Mahakamani nako walitoka watu wa hati za kiapo na mikataba ya viwanja. Kandida aliongea na wateja, Evaresta alichapa, na saa kumi jioni walifunga mlango wakaenda kunywa chai.

Mwaka 1995 bega lake la kulia lilianza kumuuma. Alifikiri ni kiti, akakibadilisha. Kisha herufi zikaanza kujirudia. Alichapa “mmwombaji”, akachapa “kiwwanja”. Alidhani ni mashine, akaipeleka kwa fundi, naye akaifungua, akaisafisha na kumrudishia akimwambia haina tatizo lolote. Alasiri moja, mvua ikinyesha na mteja hakuna, aliuona mkono wake uliokuwa umelala mapajani unatikisika peke yake, kidole gumba kikisugua cha shahada kama mtu anayefinyanga tonge dogo. Aliutazama kama unavyotazama mkono wa mtu mwingine. Akauweka wa kushoto juu yake, akageuza macho aone kama Kandida ameona. Kandida alikuwa anasoma gazeti.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata alikwenda Moshi, kwenye hospitali ya rufaa. Alimwambia Kandida kwamba anakwenda kumwona ndugu.

Daktari aliyemwona aliitwa Nanyaro, Mmeru wa makamo, mtu asiye na haraka. Alimtembeza korido nzima akiangalia mikono yake inavyobembea, akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada upesi upesi, mwisho akampa kalamu aandike sentensi yoyote. Evaresta aliandika jina lake, la kijiji chake na la parokia yake, na wote wawili waliona jinsi maandishi yalivyozidi kuwa madogo kadiri mstari ulivyosonga, hadi mwishoni yakawa kama nyayo za sisimizi.

Daktari alimwambia kuwa huo ni ugonjwa wa Parkinson. Evaresta alimwomba alitaje jina hilo herufi kwa herufi, naye akalitaja. Alimweleza kwamba ndani ya ubongo kuna mahali panapotengeneza kitu kinachouwezesha mwili kujongea bila mtu kufikiria, na kwamba kwake kitu hicho kinapungua polepole, bila kosa lake wala la mtu yeyote. Dawa ya kuponya haikuwepo. Ilikuwepo ya kuziba pengo. Katika miaka michache ya mwanzo dawa hiyo huwasaidia watu wengi vizuri sana. Baadaye nguvu yake inaweza kudumu muda mfupi zaidi kwa kila kidonge, na wengine mwili huanza kuchezacheza wenyewe bila kuagizwa.

“Nianze lini?” Evaresta aliuliza.

“Hilo utaniambia wewe. Leo unafanya kazi, unajipikia, unatembea. Tunaweza kuanza, tunaweza kungoja. Siku utakapoona ugonjwa umekunyang'anya kitu unachokihitaji, njoo.”

Njiani kurudi Arusha hakuhitaji kufikiri sana ni kitu gani hicho. Ni mikono. Mtu asiye na mume wala mtoto hula kwa mikono yake. Na katika maneno yote ya daktari, yaliyomkaa kichwani ni yale ya miaka michache ya mwanzo. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Akianza leo, miaka mizuri ingeisha kabla hajafika sitini, na baada ya hapo nani angemkatia ndizi? Aliona ni busara kuitunza, aje kuitumia mikono itakaposhindwa kabisa.

Hakutaka kukisia. Alichagua hati ya kiapo ya zamani, ukurasa mmoja kamili, akaamua kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Kandida akishaondoka, ataichapa huku akitazama saa. Dakika zikizidi kumi na mbili, au makosa yakizidi matano, atakwenda Moshi. Mwezi wa tatu alitumia dakika nane na kosa moja. Mwezi wa tano, tisa na makosa mawili. Kila karatasi aliitia tarehe na kuihifadhi kwenye faili la kijani.

Na alishinda mwezi baada ya mwezi, kwa sababu alikuwa hodari. Aliufundisha mkono wa kushoto kuchukua herufi zilizokuwa za kulia. Kazi za safu na majedwali alimwachia Kandida, akisema macho yanamsumbua. Wateja walipokuwepo, mkono wa kulia aliukalia. Kila Jumamosi ya kipimo alirudi nyumbani na ushindi ambao hapakuwa na mtu wa kumsimulia.

Huku akiangalia mikono, mambo mengine yalimtoka moja moja, na kila moja alilipatia sababu. Mwalimu wa kwaya alimwambia mara mbili apandishe sauti, mara ya tatu akamhamishia mstari wa nyuma, naye akaacha kwenda, akijiambia kwaya ni ya vijana. Kwenye kikundi cha sala cha mtaa, akina mama walianza kukaa mbali na kiti chake, akafikiri ni kwa sababu yeye hana habari za wajukuu. Wateja waliingia, wakamtazama, wakageukia meza ya Kandida hata kama Kandida ana foleni. Krismasi alipopanda Rombo kama kila mwaka, watoto wa mdogo wake Aristides walikuwa wakinyamaza kila alipoingia jikoni, na mke wa Aristides alimuuliza mumewe, kwa sauti iliyopita ukutani, dada ana kinyongo gani na nyumba hii. Evaresta aliyasikia maneno hayo akiwa anakunja nguo. Alirudi Arusha kabla ya mwaka mpya, na hakujua amewakosea nini.

Lakini la Kandida lilikuwa limetangulia. Mwezi wa kumi mwaka 1996, asubuhi, Kandida aliingia chumbani na kabla hajaweka mkoba mezani akasema Irine amechumbiwa, kijana ni wa Uru, mhasibu, mtu wa watu. Akasimama pale akingoja. Evaresta alihisi furaha inampanda kifuani mpaka kooni. Aliwaza jinsi alivyomfunga Irine kamba za viatu siku ya kwanza ya shule.

“Nimefurahi sana,” alisema.

Sauti ilitoka ndogo na iliyonyooka, kama ya karani anayesoma namba ya kesi. Kandida alimtazama usoni kwa muda.

“Haya,” alisema, akaketi kwenye mashine yake.

Mwezi wa kwanza mwaka 1997 Kandida aliondoka. Nyumba yake ya Moshono ilikuwa imekwisha kuezekwa, na Irine alikuwa amefungua duka la vifaa vya ofisi mjini lenye kompyuta, akitaka mama yake awe naye. Sababu zote zilikuwa za kweli. Waliagana kwa adabu, wakagawana kabati na viti. Evaresta alingoja Kandida aseme kitu kingine, naye Kandida, ilivyokuja kujulikana baadaye, alikuwa anangoja hivyo hivyo.

Sherehe ya kumuaga Irine, sendofu, ilifanyika mwezi wa nane. Evaresta alipelekewa kadi, akashona gauni la buluu, akapeleka vitenge sita na blanketi. Alikalishwa meza ya wanawake wa ofisi za zamani. Kwa miezi mingi hakuwa amefurahi kama siku ile. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, alipokwisha kukatwa, mjomba wa Irine alisimama kutoa hotuba, akatoa mfukoni karatasi isiyo yenyewe, akamsifia kwa dakika nzima bibi harusi mwingine wa mwaka juzi, kwa jina lake na la baba yake, mpaka mkewe akaenda kumvuta koti. Evaresta alicheka hadi machozi yakamtoka. Alirudi nyumbani akiamini kwamba baridi iliyokuwa kati yake na Kandida imeisha.

Haikuisha. Kandida hakuja. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka zikaanza, zile za El Nino, zikaendelea kunyesha Krismasi na baada ya Krismasi, barabara za Kaloleni zikawa tope tupu. Evaresta alifungua mlango saa mbili, akakaa mbele ya mashine, akafunga saa kumi, na zilikuwepo siku ambazo neno pekee alilolisema kwa mtu ni “karibu”. Chai aliacha kwenda kunywa, maana kukaa peke yake kwenye meza ya watu wawili kulimfanya aone kila mtu anamtazama. Jioni alipika kidogo, akala taratibu, akasikiliza taarifa ya habari, akalala. Jumamosi za kwanza za mwezi aliendelea kujipima. Dakika kumi, makosa matatu. Dakika kumi na moja, makosa matatu.

Mwezi wa tatu mwaka 1998 Irine alikuja. Alikuwa na ujauzito mkubwa, akasimama mlangoni kama mgeni.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba. Ingia ukae, mwanangu.”

Irine aliketi ukingoni mwa kiti cha wateja. Aliuliza habari za kazi, habari za Rombo, kisha akatoa bahasha kwenye mkoba, akaishika bila kuitoa mkononi.

“Nina jambo nataka kuuliza, na Mama hajui kama nimekuja,” alisema. “Siku ile ya sendofu tulikuudhi nini?”

“Nani kaniudhi? Nilifurahi kuliko siku zote. Nilicheka mjomba wako alipomsifia bibi harusi wa watu mpaka nikafuta machozi.”

Irine alimtazama, akatoa picha kwenye bahasha na kuiweka juu ya mashine ya taipu.

Ilikuwa meza yao. Wanawake watano wamefungua vinywa, mmoja ameshika tumbo, mwingine kichwa kimeangukia begani kwa jirani yake. Katikati alikaa mwanamke mwenye gauni la buluu, mdomo umefungwa, mashavu yametulia, macho yamejaa maji, anatazama mbele kama mtu anayesomewa hukumu.

“Ilipigwa wakati huo huo, Mjomba akisoma,” Irine alisema. “Mama anasema ulikuwa unalia. Anasema tangu siku alipokwambia nimechumbiwa ulinuna, kwa sababu wewe hukujaliwa mtoto wa kumuaga. Mimi nilikataa kuamini. Ndiyo nimekuja.”

Evaresta aliishika picha kwa mkono wa kushoto. Alimwomba Irine amwachie. Irine alipoondoka alifunga mlango, ingawa ilikuwa saa tano asubuhi, akachukua kioo kidogo kwenye mkoba wake. Alimkumbuka yule mjomba, karatasi yake, mkewe akivuta koti, akangoja mpaka kicheko kikampanda kama kilivyompanda siku ile. Kilipanda. Alikisikia kifuani. Kwenye kioo pembe za mdomo zilisogea kidogo tu, zikarudi. Alikuwa akijitazama kwenye kioo kila asubuhi akichana nywele, lakini nani hucheka akiwa peke yake anachana nywele?

Akakumbuka sasa, mmoja baada ya mwingine, mwalimu wa kwaya, akina mama wa sala, wateja, watoto wa Aristides jikoni. Alikaa na kumbukumbu hizo mpaka alasiri.

Jumatatu alikuwa Moshi. Daktari Nanyaro alilifungua faili, akauliza, “Mikono imeshindwa?”

“Mikono bado inafanya kazi. Ni uso.”

Aliiweka picha mezani, akamweleza. Daktari aliitazama, kisha akarudi nyuma kwenye karatasi za faili hadi ile ya kwanza, akamgeuzia. Palikuwa na mstari mmoja kwa mwandiko wake, unaosema uso wa mgonjwa umepungua kuonyesha hisia.

“Niliuona siku ile ile,” alisema. “Niliandika hapa. Sikukwambia wewe. Nilikwambia uangalie utakachonyang'anywa, na hiki ndicho ambacho mtu hawezi kukiona mwenyewe.”

Evaresta alimwambia alikuwa anaitunza miaka mizuri. Alimweleza habari za hati ya kiapo, dakika na makosa. Daktari hakucheka.

“Mimi nilifundishwa kuchelewesha, na wapo wanaochelewesha hadi leo,” alisema. “Ila ugonjwa haukai kuingoja dawa. Hiyo miaka miwili uliyoitunza haiko mahali popote. Imekwenda.”

Walianza na nusu kidonge mara tatu kwa siku. Dawa ilipatikana katika duka moja tu la dawa mjini Arusha, na mwenye duka alilazimika kuiagiza Nairobi, kwa hiyo ilibidi Evaresta atoe taarifa mwezi mzima kabla. Wiki ya kwanza ilimtia kichefuchefu, akawa anasimama nje ameshika ukuta. Alijifunza kuinywa na kipande cha mkate mkavu. Wiki ya pili hakuona tofauti, akadhani amechelewa mno. Wiki ya nne, ameongezewa kiasi, alikuwa anakwenda bombani asubuhi akasikia kitu cha ajabu upande wake wa kulia, akasimama kukitafuta. Ulikuwa mkono wake, unabembea wenyewe anapotembea, jambo ambalo hakuwa amejua kwamba uliliacha.

Uso ulikuja taratibu zaidi, na haukurudi wote. Siku moja mwenye duka la dawa, Mchaga mwenzake, alimtania kwamba watu wa Rombo wakiagiza kitu lazima waje kukiulizia mara tatu. Evaresta alicheka. Mwenye duka naye akacheka zaidi, kama wanavyofanya watu kicheko chao kinapopokelewa. Evaresta alibaki pale kaunta muda mrefu kuliko alivyohitaji, akiuliza mambo ya vidonge aliyokwisha kuyajua.

Hakukimbilia kwa Kandida. Alikuwa na hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani. Kuna siku ilimwendea Kandida, aliyekaa naye miaka ishirini na nane na bado akaamini uso kuliko yeye mwenyewe. Kuna siku ilimrudia mwenyewe. Mwezi wa sita, Jumapili baada ya misa, alichukua picha akaenda Moshono.

Kandida alikuwa nyuma ya nyumba anaanika maharage. Alisimama alipomwona, akajifuta mikono. Evaresta hakungoja kukaribishwa ndani. Alieleza hapo hapo waliposimama, tangu herufi zilizojirudia hadi nusu kidonge, akaishia kwenye picha. Kandida aliipokea.

“Kwa hiyo hapa ulikuwa unacheka.”

“Nilikuwa nacheka.”

Kandida alikaa kwenye ngazi ya jikoni. Alisema polepole kwamba alimwambia kila mtu, wa kanisani na wa ofisi za zamani, kuwa Eva anamwonea wivu mtoto wake. Alisema hajui atawarudia vipi wote hao. Kisha akainua kichwa, macho yake yakiwa makali.

“Lakini ulijua unaumwa. Ulikaa meza ile na mimi, mkono umeukalia, ukaniambia unakwenda Moshi kumwona ndugu. Uso hukuuona, sawa. Mkono uliuona.”

“Niliogopa utanihurumia.”

“Ningekuhurumia, ndiyo. Kwani hilo ni baya?”

Kandida aliinuka akapika chai, wakanywa ndani, wakaongea habari za mjukuu aliyezaliwa mwezi wa nne na habari za watu waliokufa. Yapo mambo ambayo zamani wangeyasema wakaishia kucheka, na safari hii yalisemwa yakapita. Alipokuwa anaaga, Kandida alimwambia kwamba mume wa Irine amehamishiwa Mwanza, duka linauzwa, na yeye anakwenda nao kumlea mtoto. Nyumba ya Moshono ataipangisha. Wangeondoka mwezi wa nane.

Walipata Jumapili saba. Kandida alikuja Kaloleni mara nne, Evaresta alikwenda Moshono mara tatu. Jumapili ya mwisho Kandida alimwomba amwandikie kwenye karatasi jina la ule ugonjwa, na Evaresta akamwandikia kwa herufi kubwa. Asubuhi ya safari alikwenda stendi kuwaaga. Irine alilia. Kandida alimshika mkono wa kulia, ule ule, akaubana mpaka basi likapiga honi.

Mwezi uliofuata Evaresta alikwenda tena kwenye kikundi cha sala cha mtaa, na kabla ya kufunga aliomba kusema neno. Alisimama, akasema ana ugonjwa wa Parkinson, akaeleza ni nini. Akasema uso wake sasa hausemi kila kilichomo moyoni, na kwamba kama kuna aliyewahi kumwona amenuna, amsamehe, hakununa. Akasema mtu akitaka kujua hali yake, amuulize. Akina mama walimsikiliza kwa utulivu, wawili wakamkumbatia. Wiki zilizofuata walimwombea kwa jina, wakamsalimia kwa sauti kubwa kama mtu asiyesikia vizuri. Kumuuliza, hawakumuuliza.

Aliyeuliza alikuwa Sinyati, mama wa Kiarusha aliyeshuka kila asubuhi kutoka Ilkiding'a na dumu la maziwa. Hakuwa mtu wa kikundi. Habari alizipata kwa mwenye nyumba. Siku moja alitua dumu lake mlangoni, akamtazama Evaresta usoni bila kujificha, kama anavyotazama ng'ombe asiyekula.

“Yeyo, uso wako sisomi,” alisema. “Moyo ukoje leo?”

Yeyo ni mama kwa Kimaasai. Evaresta alitaka kusema mzuri, kama watu wote wanavyojibu asubuhi. Ilikuwa saa moja kasoro, kidonge cha kwanza bado hakijanywewa, na barua kutoka Mwanza haikuwa imefika kwa wiki ya tano.

“Si mzuri,” alisema. “Rafiki yangu yuko mbali, na nyumba imenyamaza sana.”

Sinyati alitikisa kichwa. Alipima maziwa, akaongeza kidogo juu ya kipimo. Nyumba nyingine zilikuwa zinamngoja. Akajitwisha dumu lake, akasema kesho atauliza tena, akashuka barabara.

Evaresta alibandika maziwa kwenye jiko, akasimama karibu nayo yasije yakafurika.